Bomba Lililoshonwa

Doa lilianza chini ya dirisha la jikoni, likiwa na ukubwa wa kisahani cha chai. Jeruto aliliona asubuhi alipokuwa akimfunga binti yake Chesang vifungo vya sweta ya shule. Aliligusa kwa mgongo wa mkono, vile anavyompima mtoto joto, akalikuta baridi na limelowa. Kufikia Jumapili lilikuwa limepanda hadi kwenye swichi ya taa. Rangi ilifura, ikapasuka, ikaanza kubanduka, na nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umeshajikalia kama mpangaji aliyelipa. Wiki hiyo hiyo Chesang akaanza kukohoa.

Ukuta huo huo uliendelea hadi chumbani, kilipokuwa kitanda cha mtoto. Nyumba zenyewe zilikuwa mpya, ploti ya Mzee Gedion katika mtaa wa Section 58, Nakuru, vyumba viwili viwili vilivyotazamana na uwanja wa saruji katikati. Getini kulikuwa na bango la herufi nyekundu: MAJI SAA ZOTE. Bango halikudanganya. Maji yalikuwepo saa zote, hasa ndani ya kuta.

Jeruto alikuwa fundi wa sare za shule katika duka moja mjini, mtu wa kupima kabla ya kukata. Kwa hiyo Jumamosi alipita mlango kwa mlango akiwaomba majirani wafunge mifereji yao kidogo, kisha akaenda getini akafunua mita. Mifereji yote ilikuwa imefungwa, na kigurudumu cha mita kilikuwa kinazunguka bila wasiwasi wowote. Alisimama pale akikitazama mpaka majirani wakaanza kumwuliza kama sasa wanaweza kufungua, vyombo vinawangoja. Akarudi ndani akampigia mwenye nyumba simu.

"Hiyo ni jasho tu, Mama Chesang," Mzee Gedion alimwambia. "Nyumba mpya hutoka jasho. Wewe fungua dirisha."

Mzee Gedion alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi huko mjini. Mabomba yalikuwa yamesimamishwa humo kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ya kila unene na kila rangi, mengine yakigusa dari. Huyo ndiye aliyemwambia mwanamke mwenye mtoto anayekohoa afungue dirisha. Jeruto akalifungua. Vumbi la Nakuru likaingia, baridi ya kutoka mlima Menengai ikaingia, na ukuta ukaendelea kulowa.

Nesi wa kliniki aliweka kifaa chake mgongoni mwa Chesang, akasikiliza, kisha akauliza mtoto analala wapi. Jeruto alipomweleza, nesi alikunja uso.

"Dawa nitakupa, mama, lakini dawa haiwezi kupigana na ukuta. Huyu anataka mahali pakavu."

Jeruto alipiga simu tena, na safari hii hakuomba. Alisema mtoto ni mgonjwa, ukuta ni mbovu, na bomba limepasuka humo ndani, hilo analijua kwa kuwa ameangalia mita. Mzee Gedion alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na upole huo ulikuwa umemfikisha mbali. Alisema mafundi wake wote wako Bahati, anamalizia nyumba nyingine huko, lakini kwa sababu ya mtoto atamtuma mmoja.

Aliyetumwa aliitwa Sitati. Alikuja na patasi na nyundo, akagonga ukuta hapa na pale, akaubomoa chini ya dirisha mpaka bomba likaonekana. Lilikuwa jeupe, jembamba, na ubavuni lilikuwa na ufa mrefu kama kiganja. Maji yalitoka kwenye ufa huo polepole kama machozi ya mtu asiyetaka kuonekana analia. Sitati alilibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea.

"Hii si ya maji, mathe," alisema. "Hii ni ile ya kupitisha waya za stima."

"Na nani aliiweka hapa?"

"Mimi."

Jeruto alimwangalia.

"Niliambiwa niweke yenye iko," Sitati alisema. "Yenye ilikuwa ni hii. Ploti yote ni hii."

Alitoa kipande cha tiubu ya baiskeli mfukoni, akalizungushia bomba, akalikaza kwa waya. Akasema plasta ataletewa. Jeruto alimwuliza kwa nini asiweke bomba zima lile linalofaa, na Sitati akajibu kwamba yeye ametumwa kufunga tu. Akanawa mikono kwenye sinki na kwenda zake. Kabla ya jua kutua tiubu ilikuwa imelowa, na maji yakawa yanashuka kupitia waya.

Hasira ya Jeruto haikuwa ya kelele. Ilimkaa shingoni, chini kidogo ya masikio, na alienda nayo kazini akarudi nayo. Alisogeza kitanda cha Chesang katikati ya chumba, lakini chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na katikati yake hakukuwa mbali na ukuta. Mtoto alikohoa akiwa amelala, akakohoa akinywa chai, ikawa hata kucheka kunamletea kikohozi, hivyo akajifunza kutocheka.

Jumamosi iliyofuata Jeruto aliteremsha sanduku lake la bati kutoka juu ya kabati. Ndani yake kulikuwa na sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa kano la mbuzi uliokuwa umeviringishwa kwenye kijiti, na mkaa wa mti wa senetwet ndani ya kitambaa. Mama yake alimpa vitu hivyo siku alipoolewa. Huko Kampi ya Moto alikozaliwa, kibuyu cha maziwa kikipasuka hakitupwi. Hutobolewa matundu madogo kandokando ya ufa, kikashonwa kwa kano, mshono ukapakwa mafuta na unga wa mkaa, na kibuyu hicho kinaweza kutumika mpaka aliyekishona awe nyanya. Jeruto alikuwa ameshona vibuyu vingi tangu akiwa msichana. Bomba alikuwa hajashona.

Alifunga koki kuu getini. Alifungua tiubu ya Sitati na kuitupa. Alipasha sindano kwenye jiko, akatoboa plastiki taratibu, akapitisha kano, akalivuta, akapitisha tena. Mishono yake ilikuwa midogo na ya karibu karibu, vile alivyoshona mifuko ya mashati ya watoto wanaojaza mawe. Alipomaliza alipaka mafuta ya ng'ombe na unga wa mkaa, akafuta mikono, akaenda kufungua koki. Hata tone moja halikutoka. Chesang aliyekuwa ameketi kitandani akitazama aliuliza kama sasa ukuta utakauka.

"Utakauka," Jeruto alisema.

Jioni alifungua mfereji wa jikoni achote maji ya ugali, yakatoka maziwa.

Yalikuwa mursik, yale maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu, mazito, ya kijivujivu kwa sababu ya mkaa, yenye ile harufu ya moshi ambayo mtu wa kwao huitambua kabla ya kuingia mlangoni. Jeruto alijaza sufuria, akaonja kwa kijiko, akaona yamelala vizuri. Kisha akakasirika. Ugali hausongwi kwa mursik. Mtoto haogeshwi kwa mursik. Alifungua mfereji wa bafuni, nako yakatoka yale yale. Akachukua mtungi, akatoka hadi barabarani kumtafuta mwenye mkokoteni wa maji.

Mumewe, Kimeli, aliyeendesha trekta katika mashamba ya Njoro, alirudi wikendi hiyo. Alikinga kikombe kwenye mfereji, akanywa akiwa amesimama, akalamba midomo.

"Mkaa umezidi kidogo," alisema.

Akajaza chupa ya kwenda nayo Njoro.

Ukuta haukukauka. Ule ufa mmoja ulikuwa umeshikwa, lakini bomba lilipita ukuta mzima, lilipanda juu ya kitanda cha Chesang na kushuka bafuni, na la waya ni la waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa na nyufa nyingine ambazo Jeruto hakuweza kuzifikia bila kubomoa nyumba. Sasa kilichokuwa kikilowesha ukuta ni maziwa. Ukungu mweusi ulimea manyoya meupe. Chumba kikanuka kama kibuyu ambacho hakijafunguliwa mwaka mzima, na kifua cha Chesang kikaanza kupiga mluzi.

Wa kwanza kubisha alikuwa Akeyo, jirani wa mlango wa pili, aliyeuza chai na mandazi kando ya barabara. Walikuwa wameishi vizuri, Akeyo na Jeruto. Walikuwa wakichungiana watoto na kuazimana chumvi. Akeyo aliingia na bakuli, akakinga, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Ai, Mama Chesang! Hii ni baraka imekupata."

"Hii ni bomba mbovu imenipata."

"Sawa, lakini hebu nisaidie na hii bakuli tu. Niikandie unga."

Mandazi ya asubuhi iliyofuata yalifura kuliko yote aliyowahi kuyauza, laini mpaka ndani, na Akeyo hakuwa na shida ya kueleza siri yake kwa yeyote aliyeuliza. Baada ya hapo mlango wa Jeruto haukufungwa. Watu walipanga foleni kutoka jikoni, uwanjani, mpaka getini, na chupa, na mitungi, na sufuria zenye vifuniko. Walikuwa na adabu. Walivua viatu. Walimsalimia Chesang kitandani, wakamwambia pole kwa homa, wakakinga maziwa, wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyeugusa ukuta. Jeruto alimwonyesha kila aliyeingia manyoya meupe juu ya kitanda cha mtoto, na kila mmoja alisema kweli hiyo si vizuri, huku macho yake yako kwenye mfereji.

Mzee Gedion, ambaye hakuwa amekanyaga ploti hiyo tangu ufa upatikane, alifika siku ya pili ya foleni. Alichungulia tundu la ukutani, akainama akatazama mshono kwa muda mrefu.

"Huu uzi ni wa nini?"

"Kano la mbuzi."

"Kazi safi," alisema kwa upole. "Kazi safi kabisa. Usiwache mtu aguze hapa."

"Nataka paipu lingine, mzee. La maji. Ukuta wote ukaushwe."

"Tutaongea, Mama Chesang. Wacha kwanza tumshukuru Mungu."

Jumapili alasiri, baada ya ibada, alikuja na mchungaji, wazee wenzake wa kanisa, na kina mama wa kwaya waliovaa sare za zambarau. Jeruto alizijua sare hizo, baadhi yake alizishona yeye. Walijaa jikoni, wakajaa chumbani, wengine wakakalia kitanda cha Chesang na mtoto mwenyewe akabaki kwenye pembe ya godoro, mgongo wake kwenye ukuta uliolowa, mpaka Jeruto akamnyanyua na kumbeba. Walikuwa wamelizungushia tundu la ukutani utepe wa kitambaa cha kung'aa. Watu wa kwaya waliimba. Mzee Gedion akasimama kando ya mfereji.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi nilijenga nyumba tu, wapendwa. Nilijenga na mikono ya kibinadamu. Lakini Bwana ndiye aliweka plambingi."

"Amina!"

Kisha mchungaji akasema ni vyema mwenye nyumba, yaani mpangaji, atoe ushuhuda. Jeruto hakuwa amejiandaa kwa hilo, lakini maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyabeba shingoni kwa wiki nyingi. Alimweka mtoto vizuri begani, akasimama mbele ya utepe.

"Mimi naitwa Jeruto."

"Amina!"

"Hili bomba si la maji. Ni la waya za stima."

"Amina!"

"Limewekwa ploti yote. Aliyeliweka alijua, na aliyemtuma alijua."

"Asifiwe!" mama mmoja alipaza sauti kutoka bafuni.

"Limepasuka. Mimi nililishona kwa sababu nilikosa mtu wa kulibadilisha. Mtoto wangu anaumwa kifua kwa ajili ya huu ukuta."

"Mwambie Bwana, dada!"

"Simwambii Bwana," Jeruto alisema. "Bwana hauzi mabomba. Namwambia Mzee Gedion. Yuko hapo kando ya kabati."

"Amina!" wakaitikia wote, na Mzee Gedion akaitikia nao, macho yamefumbwa, mkono mmoja juu. Kina mama wawili walikuwa wanalia. Mchungaji alimshika Jeruto bega na kusema kwamba siku nyingi hajasikia ushuhuda wenye nguvu kama huo. Kwaya ikaanza wimbo mwingine. Chesang akakohoa katikati ya wimbo, kikohozi kirefu cha kumkunja mgongo, na mpiga kayamba akaongeza mwendo.

Jeruto alikaa na hasira hiyo usiku kucha, na kulipokucha ilikuwa imekuwa mpango. Alitoka kazini saa ya chakula akaenda moja kwa moja kwenye duka la Mzee Gedion. Mabomba yalikuwa pale pale yamesimama, ya maji yako upande wa kulia, manene, yamepigwa chapa urefu wote. Aliweka mkono juu ya moja. Lilikuwa gumu, halikubonyea. Alimwambia kijana wa kaunta, Kiplangat, kwamba anataka la urefu wa kupita ukuta mmoja, na viungo vyake, na alikuwa na hela mkononi.

Kiplangat alilitoa bomba, akalilaza kwenye kaunta, akashika msumeno wa kulikata. Ndipo alipouliza linaenda wapi. Jeruto, ambaye hakuona sababu ya kudanganya, akamwambia. Kijana aliweka msumeno chini. Aliingia ofisi ya nyuma, na aliporudi alikuwa na Mzee Gedion.

"Mama Chesang. Hii ya nini sasa?"

"Ya ukuta wangu."

"Wewe uko na maziwa."

"Nataka maji, mzee. Nataka maji kwa mfereji na ukuta mkavu. Nanunua, sijaomba bure."

Mzee Gedion alilichukua lile bomba kutoka kwenye kaunta kwa mikono yake mwenyewe. Alilirudisha mahali pake kati ya mengine, akalinyoosha lisiegemee vibaya.

"Siwezi kukuuzia kitu cha kuharibu baraka ya watu," alisema. "Roho yangu haiwezi kukubali. Kama ni kikohozi, watoto wote wa Nakuru wanakohoa. Ni vumbi."

Jeruto aliingia duka lingine la mbele, na lingine. Kote alipata mabomba, na kote fundi aliyeulizwa kuja kuyaweka alijibu kwamba ploti hiyo ni ya Mzee Gedion, na kwamba asiyeelewana na Mzee Gedion hapati kazi mjini humu. Wawili kati yao walimwomba awawekee maziwa kidogo.

Shule zilipofungwa alimpeleka Chesang Kampi ya Moto, kwa mama yake. Huko ni kukavu, jua linachoma, na nyumba ya bibi ni ya mabati na haina bomba hata moja. Jeruto alibeba chupa ya yale maziwa. Mama yake aliyamimina kwenye kikombe cha enameli, akayanusa, akanywa, akauliza ng'ombe ni wa nani. Jeruto akamweleza kila kitu, mita, Sitati, sindano, utepe wa kung'aa. Yule mama alisikiliza huku akimsugua mjukuu wake mgongo.

"Mimi nilishona vile vibuyu," alisema mwishowe, "kwa sababu ya ukame. Vibuyu vingine havikuwepo. Huyo mzee wako mwenye duka amepatwa na ukame gani?"

Mama yake aliendelea kunywa mpaka kikombe kikaisha, kwa sababu maziwa hayakuwa na kosa.

Alirudi Section 58 peke yake, akapita kando ya foleni, akaomba radhi ili aingie kwake. Aliteremsha sanduku la bati, akachukua wembe. Watu waliokuwa jikoni walidhani anataka kusafisha mahali pale, wakasogea kumpisha. Alikata mshono wa kwanza, wa pili, kisha akavuta kano lote kwa pamoja likatoka, jeusi, limelowa. Mfereji ulikoroma. Maziwa yakawa mepesi, yakawa meupe kama maji ya mchele, yakawa maji. Kwenye ufa maji yakaruka mpaka katikati ya jikoni, yakawalowesha waliokuwa mbele, na nyumba ikawa kama ilivyokuwa ilipojengwa.

Wakati bomba lilipokuwa linavuja maji hakukuwa na mkosaji. Lilikuwa jasho, lilikuwa vumbi, lilikuwa mambo ya kuzungumza baadaye. Maziwa yalipokatika mkosaji alipatikana papo hapo. Wengine walimwita mchoyo. Wengine walisema wivu. Akeyo alisimama mlangoni na karai lake la unga mikononi, macho mekundu.

"Hata kunishtua, Mama Chesang? Hata kuniambia nitafute njia ingine?"

"Akeyo, ukuta wako ni huu huu. Bomba lako ni hili hili. Nenda ubandue rangi uone."

"Mimi kwangu hakuvuji," Akeyo alisema, ingawa kwenye kona ya jiko lake lilikuwa limetokea doa, na alikuwa ameshalifunika kwa kalenda.

Mzee Gedion alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa na upole ule ule. Alisema Jeruto ameharibu mali ya ploti na itabidi ahame. Jeruto alipeleka vitu vyake kwa binamu ya Kimeli huko Bondeni, akawa analala sebuleni kwenye kochi, na kila akitoka kazini anatafuta nyumba. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na Chesang alipaswa kurudi. Jeruto alitaka kitu kimoja tu, nyumba kavu. Aliingia kila palipokuwa na bango, na kabla ya kuuliza bei au choo kiko wapi, aliweka mgongo wa mkono ukutani. Mawakala walimwona mtu wa ajabu. Kuta nyingi zilikuwa baridi.

Chesang alirudi siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Alikuwa amenenepa kidogo na kifua chake kilikuwa kimya. Siku hiyo hiyo wakaenda pamoja Bahati, kwa sababu wakala alisema kuna nyumba mpya huko, hewa safi, mashamba pande zote. Njiani mtoto alicheka kwa sababu ya mbwa fulani, akacheka mpaka mwisho bila kukatika, na Jeruto akamwangalia akicheka.

Walipofika getini Jeruto aliona bango, herufi nyekundu: MAJI NA MAZIWA SAA ZOTE. Akajua ni kwa nani. Angegeuka hapo hapo, ila Sitati alikuwa ameketi kwenye tofali ndani ya geti, rundo la mabomba meupe miguuni pake, na mkononi ana sindano ya magunia.

"Sasa, mathe," Sitati alimsalimia.

"Unafanya nini?"

"Nashona." Alimwonyesha. Alikuwa amepasua bomba kwa kisu, ufa ulionyooka vizuri, na sasa alikuwa akiushona kwa uzi wa nailoni. "Mzee amesema zote zipasuliwe kwanza ndio zishonwe. Hizi ni za ile block ya nyuma. Za mbele tulimaliza, watu wameshaingia."

"Zinatoa maziwa?"

Sitati alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Bado," alisema.

Mlango wa nyumba ya kwanza ulikuwa wazi. Ndani mwanamke mmoja, kijana bado, alikuwa ameketi kwenye kigoda akitazama ukuta. Doa lilikuwa limepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, rangi imefura, na chini ya doa maji yalikuwa yakichuruzika. Mwanamke alikuwa amekinga kikombe. Chesang aliingia kabla ya mama yake kumzuia, akaweka mgongo wa mkono ukutani.

"Iko baridi, mama," alisema.

Mwanamke alimtabasamia mtoto, akamgeukia Jeruto. Hakumjua.

"Ati huanza namna hii, sindio? Kwanza maji, halafu ndio inageuka?"

Jeruto aliingia akasimama karibu naye ili asikike vizuri. Alisema polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayempa mwingine njia ya kwenda hospitali.

"Dada, hayo ni maji. Bomba limepasuka. Si la maji, ni la waya za stima, na mwenye nyumba amelipasua makusudi. Mwambie alitoe aweke zima. Msikubali."

Mwanamke alimsikiliza kwa makini mpaka mwisho, macho yake yakimetameta.

"Amina," alisema, akasogeza kikombe kikagusa ukuta.

Kwenye chumba cha ndani mtoto alikohoa. Chesang akageuka akatazama pazia la mlango, kwa sababu kikohozi hicho alikuwa anakijua.